Mashine ya Akina Mama wa Kikula

Kabla ya njaa, Blandine Kabange na Hortense Ngalula walikuwa majirani wa kusalimiana tu. Viwanja vyao huko Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, vilitenganishwa na ukuta wa matofali ya udongo ambao hakuna aliyejisumbua kuumaliza. Kila asubuhi waume wao waliongozana njia moja kwenda kazini, Fidèle wa Blandine kwenye tanuri za kiwanda cha kampuni ya madini, Théophile wa Hortense kwenye karakana ya umeme ya kampuni hiyohiyo.

Mwaka wa 1990 mishahara ilianza kuchelewa. Posho ya unga ambayo wafanyakazi waligawiwa kila mwezi ikapungua, ikawa nusu, mwisho ikakatika. Wanaume waliendelea kwenda kazini kwa sababu hawakujua pengine pa kwenda. Wake zao ndio waliobaki nyumbani wakitazamana na masufuria.

Hortense ndiye aliyetoa wazo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyezoea kusimama mbele za watu kwa kuwa alifundisha katekisimu parokiani. Jumapili moja baada ya misa aliwaita jirani zake uani kwake, akawauliza kwa nini kila mmoja anakwenda sokoni kununua mahindi kwa kopo, kwa bei anayotaka mchuuzi, wakati mahindi yenyewe yanalimwa upande wa Mulungwishi, si mbali. Wakiunganisha kile kidogo walicho nacho wataleta magunia. Wote waliona ni neno la akili, ila hakuna aliyemjua mtu huko vijijini. Ndipo Blandine, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema kikaoni, alipoinua mkono na kusema kwamba wajomba zake ni wakulima wa huko.

Ushirika wao ulianza hivyo. Waliuita Koperative Tusaidiane. Hortense akawa mwenyekiti na Blandine makamu wake, na tangu siku hiyo Blandine alimwita mwenzake yaya, yaani dada mkubwa, naye Hortense akamwita mudogo yangu.

Mwaka uliofuata, wanajeshi walipopora maduka ya mji, Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka karibu na soko aliamua kufunga na kuondoka. Waporaji walikuwa wamebeba kila kitu isipokuwa mashine yake ya kusaga, ambayo ilikuwa nzito mno. Akina mama wakainunua. Waliiweka katika kibanda nyuma ya nyumba ya Hortense, kwa sababu huko Théophile aliweza kuvuta umeme wenye nguvu, na waliibeba wenyewe juu ya magogo, wakiimba na kusimama kupumzika, mtaa mzima ukiwaangalia.

Baada ya hapo unga haukukosekana kabisa katika nyumba zao. Haukuwa mwingi, lakini ulikuwapo. Bénie, kitinda mimba wa Hortense, aliyekuwa bado hajaanza shule, alishinda kibandani siku nzima, nywele zikiwa nyeupe kwa unga, na mchana alilala juu ya magunia. Kelele za mashine hazikumsumbua. Aliamka pale tu ilipozimwa.

Watu wengine waliona, wakaiga. Koperative zikaanzishwa kila mtaa wa Likasi: za waokaji mikate, za walima mboga kando ya vijito, za mafundi cherehani, za akina baba waliotaka kulima mahindi upande wa Kamatanda. Zikaanzishwa na za matapeli pia, watu waliokusanya michango ya wajane kwa ahadi ya sukari na kutoweka nayo. Kwa hiyo ofisi ya kusimamia koperative ilipomtuma mkaguzi azunguke mitaani, akina mama wa Tusaidiane hawakukasirika. Mkaguzi aliitwa Édouard, mtu mpole mwenye koti moja la kijivu. Aliwafundisha namna ya kupiga kura na namna ya kumuuliza mwenyekiti maswali bila kugombana. Alisema kwamba katika koperative zote alizozikagua, yao ndiyo iliyomfurahisha. Hortense alimpikia bukari, yaani ugali, na matembele, akala mpaka akafungua kifungo cha koti.

Katikati ya mwaka wa 1992 alirudi, na safari hiyo alikataa kukaa. Redioni na kwenye mikutano ya siasa, kwa miezi kadhaa, watu wakubwa walikuwa wakisema kwamba shida ya Katanga imeletwa na Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, ambao eti wamechukua kazi zote na nyumba zote. Sasa maneno hayo yalikuwa yamefika hadi kwenye masharti ya koperative. Édouard alieleza, macho yakiwa chini, kwamba kila koperative inapaswa kuandikishwa upya, na kwamba viongozi wake lazima wawe wenyeji wa jimbo. Isiyotimiza itafungwa na mali yake itachukuliwa.

Kila mtu alimtazama Hortense. Alikuwa amezaliwa Likasi. Baba yake alikuja kutoka Kasai zamani kufanya kazi ya reli, akazikwa hapahapa. Huko Kasai kwenyewe Hortense alikuwa amefika mara moja, kwenye kilio cha bibi yake, na alirudi akilalamika juu ya mbu.

Gertrude, mjane mwenye sauti kavu ambaye hakuogopa mtu, alisema kwamba heri wafunge koperative kuliko kumfukuza mwenye kuianzisha. Hortense alimgeukia Blandine.

"Mudogo yangu, kamata weye ule ukubwa. Ni jina tu. Mashine itabakia hapa, minye pia nitabakia hapa. Batoto bakule kwanza, ile ingine tutaona."

Blandine alikubali. Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba amekuwa mwenyekiti, na Fidèle hakumpongeza.

Mambo yangeishia hapo, wangeweza kuishi nayo. Lakini haukupita muda, ofisi ikaongeza sharti jingine: si viongozi tu, hata wanachama. Blandine aliitwa mjini kutia sahihi. Alimkuta Édouard amekonda. Alimuuliza kama hakuna njia nyingine, na mkaguzi akafunga mlango kwanza ndipo akamjibu kwamba koperative mbili za mtaa wa Panda zilikataa na vitu vyao vimeshabebwa. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe ana mke ambaye mama yake ni Mkasai, na kwamba Blandine asimwambie mtu.

Blandine alitia sahihi. Alijiambia kwamba karatasi ni karatasi, unga atawagawia wote kama kawaida, na kweli aligawa. Hortense alipopewa habari alicheka kidogo, akasema kwamba tangu azaliwe hajawahi kufukuzwa mahali na huku bado amekaa palepale. Lakini tangu siku ile hakuingia tena kibandani mpaka aitwe.

Mwezi wa nane vijana walianza kupita mitaani. Walianza na nyumba za mbali, kisha wakafika Kikula. Walikuwa na fimbo na petroli, na wengi wao walijulikana, walikuwa watoto wa mtaa. Walipofika kwa Hortense walimkuta Théophile amesimama mlangoni na shati lake la kazi. Walimpiga mbele ya watoto. Blandine na Fidèle walisikia kila kitu kupitia ule ukuta wa matofali, na Fidèle alipotaka kutoka, Blandine alimshika mkanda kwa mikono miwili. Asubuhi familia ile iliondoka na godoro, sufuria na mashine ya kushona, ikafuata msururu wa watu waliokuwa wakielekea stesheni ya treni. Mmoja wa vijana wale, jina lake Germain, akaingia ndani ya nyumba na kuanza kuishi.

Mashine haikuguswa. Germain alisema akina mama waendelee kusaga, mradi nyumbani kwake unga usikosekane. Nao wakaendelea.

Stesheni ilijaa watu kuliko soko. Maelfu walikuwa wametandaza vitu vyao kwenye majukwaa, katikati ya reli, ndani ya mabehewa mabovu, wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuijua. Treni haikuja. Wiki zikapita, mvua za kwanza zikanyesha juu yao. Blandine alikwenda kila alipoweza, na unga umefungwa ndani ya kitenge. Alimkuta Hortense chini ya hema alilolishona mwenyewe kwa magunia. Unene wake ulikuwa umeisha. Théophile alikuwa amelala kwa upande, mbavu zake hazikupona sawasawa. Hortense aliupokea unga, akaugawa na familia za jirani, akauliza habari za kila mwanachama kwa jina. Kuhusu nyumba yake hakuuliza.

Siku moja, mwisho wa mwezi wa kumi, alimwambia Blandine wakae pembeni. Surua ilikuwa imeingia stesheni, na kila siku akina baba walibeba vijisanduku kuvuka reli kwenda kuzika. Bénie alikuwa bado mzima, ila alikuwa ameanza kukohoa.

"Mudogo yangu, minye sikukulombake kitu tangu tulitoka kule. Leo ninakulomba. Kamata Bénie. Akae kwako mupaka ile treni itafika. Eko mudogo, hatasumbua."

Blandine alisema ndiyo. Halafu, akiwa bado amemshika mkono, alisema kwamba ampe siku chache tu, azungumze kwanza na wenzake, kwa sababu Germain yuko upande wa pili wa ukuta na atamwona mtoto. Hortense akasema sawa, azungumze nao.

Kesho yake Blandine aliwakusanya akina mama kibandani. Aliwaeleza yote. Wengi walikuwa wamekwishajua shida iko wapi kabla hajamaliza: Germain anamjua Bénie, anajua ni mtoto wa nani, na ofisi ilikuwa imetangaza kwamba koperative yenye kuficha Mkasai itafungwa. Mmoja alisema ana watoto wadogo sita na mume asiyelipwa. Mwingine alisema mtoto mmoja ni mtoto mmoja, lakini mashine inalisha mtaa mzima. Hawakusema kwa ubaya. Wengine walilia wakiyasema.

Gertrude alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hii koperative ilizaliwa ju ya kusaidiana. Kama hatuwezi kukamata mutoto ya ule aliyeianza, basi tunasaga nini humu?"

Wenzake walimgeukia Blandine, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti, na Blandine aliomba wapewe muda, pengine mmoja wa wajomba zake wa Mulungwishi atamchukua mtoto, huko hakuna wa kumjua. Lilikuwa wazo zuri, na lilimpa kila mtu nafasi ya kwenda nyumbani. Gertrude alitaka amchukue yeye mwenyewe, lakini alikuwa akilala chumba kimoja na mke wa mwanawe, na huyo alikataa.

Blandine alituma neno kwa mjomba. Barabara ilikuwa mbaya, lori zilikuwa haba, na jibu lilichelewa. Katika siku hizo hakwenda stesheni. Kila asubuhi alijiambia atakwenda akiwa na jibu mkononi, asije akamfikia Hortense mikono mitupu. Fidèle alimwambia mara moja tu kwamba amchukue mtoto na yatakayokuja yaje. Blandine alimuuliza nani atawalisha wao yakija.

Mjomba alikubali. Alikuja mwenyewe, kwa baiskeli, na nguo ya joto ya kumfunika mtoto njiani. Waliongozana hadi stesheni, Blandine akitembea haraka kiasi cha kumwacha mzee na baiskeli yake nyuma.

Hortense alikuwa ameketi mbele ya hema akichagua maharage. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Blandine aliona kile kichwa akajua, akasimama pale alipokuwa. Kulikuwa na wanawake wengine wa Kasai wameketi pamoja naye, nao walisogea ili kumpa nafasi, kama anavyopewa mtu yeyote aliyefika kwenye kilio.

Bénie alikuwa amezikwa siku mbili kabla. Surua ilimshika usiku wa siku ileile Blandine alipomwomba mama yake siku chache, kikohozi kikashuka kifuani, na hapakuwa na dawa. Théophile hakuweza kunyanyua sanduku, wanaume wengine walimbebea. Hayo yote yalisemwa na wale wanawake. Hortense aliendelea kuchagua maharage, akitupa mabovu pembeni. Mwishowe aliinua macho.

"Ile mashine inatembea?"

"Inatembea, yaya."

"Ni muzuri. Batoto bakule."

Blandine alitaka kupiga magoti, lakini Hortense alimzuia kwa mkono, bila ukali. Akamwomba amwonyeshe mjomba mahali pa kunywa maji, maana mzee ametoka mbali.

Treni ilikuja wiki iliyofuata, bila tangazo. Habari ilipofika Kikula akina mama waliacha mashine ikizunguka bila mahindi na kukimbia. Watu walikuwa wameshapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wengine juu ya paa, wakiwa na mikeka, kuku na mafremu ya milango waliyoyang'oa kwenye nyumba zao. Gertrude alimwona Hortense katika mlango wa behewa moja, ameketi, kichwa cha Théophile kikiwa mapajani mwake. Walimwita wote kwa pamoja. Aligeuka, akawatambua, akainua mkono. Hakuushusha mpaka behewa likapita kituo cha maji.

Kabla ya Krismasi, Germain alifunga lango. Alisema kwamba kiwanja ni chake, na kila kilichomo ndani ni chake, mashine pia. Alikuwa akingoja tu wenyewe waondoke kabisa. Akina mama walikwenda ofisini wote, wamevaa vitenge vyao vizuri. Édouard hakuwapo tena, walisikia amepanda treni na mke wake. Mtu aliyekalia kiti chake aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawaambia kwamba Tusaidiane inatambulika kisheria na haina kosa lolote, lakini ugomvi wa kiwanja si kazi ya ofisi yake. Walirudi kwa miguu. Mwaka mpya uliwakuta kila mmoja akinunua mahindi sokoni kwa kopo.

Blandine hakuanzisha kitu kingine. Walipomfuata tena baadaye, shirika moja lilipoleta mbegu na kutaka akina mama waunde koperative mpya, aliwaelekeza kwa Gertrude. Yeye alilima kipande chake mwenyewe kandokando ya reli. Njia ya kwenda shambani ilipita karibu na yale makaburi ya watu wa stesheni. Ilimchukua muda kulipata la Bénie, kwa sababu misalaba mingi ilikuwa ya mbao za masanduku na mvua ilikuwa imefuta majina. Mzee mmoja aliyewahi kuzika pale ndiye aliyemwonyesha. Tangu hapo akawa anaingia na jembe kila Jumamosi, anapalilia, anaweka mawe pembeni, anatoka. Fidèle alijua. Watoto wake walidhani ni sehemu ya shamba.

Mwaka wa 1994 treni zilianza tena kupita mara mojamoja, na mfanyabiashara mmoja aitwaye Émérence, aliyekuwa akileta samaki wakavu kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai, alikuja kumtafuta Blandine Kikula. Alisema ametumwa salamu na mwanamke anayeuza chikwangue, mikate ya muhogo, stesheni ya kule, mjane. Théophile alikufa mwezi wa kwanza tu baada ya kufika. Hortense aliwataja wanachama wote, mmoja mmoja, na Blandine alimtaja wa kwanza.

Blandine alimkaribisha kiti, akampa maji. Aliuliza kama Hortense hakusema neno lingine. Émérence alisema kwamba ndiyo, aliuliza kama pale kwa mtoto majani yameota sana.

"Umuambie hapana," Blandine alisema. "Umuambie ni pasafi."

Akaingia ndani, akatoka na unga kidogo wa kupeleka. Émérence aliufunga vizuri katikati ya mizigo yake. Aliahidi kurudi na jibu kabla ya masika, lakini reli iliharibika mbele ya Kamina, na katika miaka yote iliyofuata Blandine hakumwona tena, wala hakupata kujua kama salamu zile zilifika.